Mfumo wa chama uko mtandaoni, wanachama bado wako dirishani. Tumekosea wapi?

Katibu_Usambara · Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Poleni na majukumu.

Mimi ni katibu wa SACCOS moja huku Lushoto. Tuko wanachama 214: wakulima wa mboga, walimu wa shule za msingi, mafundi cherehani, wenye vibanda vya maduka, wastaafu wachache. Mkutano mkuu wa mwaka jana ulipitisha tutengeneze tovuti ya chama, mwanachama aingie kwa simu yake, aone akiba na hisa zake, aombe mkopo, achague siku na saa ya kuonana na kamati ya mikopo. Tukatafuta fundi, akafanya kazi, tukamlipa. Mimi naiingia kila siku kwenye kompyuta ya ofisi na inafunguka vizuri tu.

Huu ni mwezi wa nne. Walioweza kuingia wenyewe mpaka wakaona salio ni 31, na 24 kati yao ni walimu. Waliobaki, siku ya gulio wanapanga foleni dirishani, kitabu kiko kwapani: "Katibu, hebu niangalizie."

Sasa kinachoniuma ni hiki. Kuna mama mmoja anauza kabichi na karoti. Oda zake zote zinatoka Dar kwa ujumbe wa sauti. Anapiga picha magunia, anatuma, anapokea hela kwenye simu, anamtumia mteja namba za gari, anarudi kwenye mzigo. Dakika tano, tena amesimama. Nilipomuuliza mbona haingii kwenye tovuti yetu akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni ya wasomi." Neno hilo limenikaa.

Mwenyekiti anasema watu wazima wamegoma, tuandae semina ya siku mbili. Hiyo ni nauli, chai na chakula cha watu mia na kitu, na hela ni zao wenyewe. Kabla hatujaitoa naomba mnaotengeneza vitu hivi, na mnaovitumia kwa taabu, mnieleze. Shida ni watu au ni hicho tulichowapa?

Fundi_Kisauni · Jumatatu, saa 4:15 usiku

Katibu, pole. Natengeneza tovuti hapa Mombasa, mwaka wa kumi na moja sasa.

Semina iache kwanza. Hapo uliposema waingia kwenye kompyuta ya ofisi ndipo niliposimama. Ofisini una skrini kubwa, una kivuli, intaneti yalipwa na chama, na neno la siri kompyuta yalikumbuka yenyewe. Huyo mama hana hata kimoja katika hivyo.

Fanya hivi. Mfuate alipo, usimwite ofisini. Atumie simu yake na bando lake, juani pale pale. Wewe kaa ubavuni, mikono iweke mapajani. Usimwambie "bonyeza pale", maana ukimwonyesha mara moja tu kipimo kimeharibika. Andika kidole kiliposimama, alilosema, na muda uliopita. Mtu mmoja akupa mengi, watatu wakupa karibu yote.

Mwaka 2019 nilitengeneza fomu ya wavuvi kuandikia samaki wanaoshushwa bandarini. Menyu niliificha nyuma ya ile alama ya mistari mitatu juu pembeni, kama wafanyavyo wote. Mzee mmoja nikakaa naye nusu saa, hakuigusa. Nilipomuuliza akaniambia alidhani ni pambo. Ana haki! Nani alimwambia kwamba mistari mitatu ni mlango? Niliitoa siku ile ile, nikaweka maneno: "Andika samaki", "Tazama ya jana".

Kaa na mama, kisha uje utuambie.

Mwl_NuktaNundu · Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Habari za asubuhi, Katibu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, sioni tangu nikiwa na miaka sita. Nimesoma Buigiri kule Dodoma kwa nukta nundu, na leo kazi zangu zote nafanya kwa simu ya Android yenye TalkBack, na kompyuta yenye NVDA, programu zinazonisomea skrini kwa sauti. NVDA inapatikana bure. Aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, naye haoni.

Sijui kama chamani kwenu kuna mwanachama asiyeona. Kwa watu 214, na wastaafu wamo, lazima wapo ambao macho yamepungua hata kama hawajasema.

Nikuombe kitu kidogo. Mwambie fundi wenu afungue msimbo wa ukurasa, atazame mstari wa juu kabisa palipoandikwa lugha. Nakisia ameacha lang="en", kwa sababu violezo vingi vinakuja hivyo na mafundi wetu hawavigusi. Mtu anayeona hilo halimhusu, kwangu mimi ndilo kila kitu. Simu yangu ina sauti ya Kiswahili. Ukurasa ukijitambulisha kuwa ni wa Kiingereza, kisoma skrini kinabadili sauti, kinasoma Kiswahili chenu kwa ulimi wa Mwingereza. "Hisa" inakuwa "haisa". "Akiba" inakuwa "akaiba". Nimewahi kusikiliza taarifa ya mshahara wangu namna hiyo, nikairudia mara nne, mwisho nikamwita mwanafunzi anisomee. Mshahara wangu, mbele ya mwanafunzi wangu. Kurekebisha ni herufi mbili: "en" iwe "sw".

Jingine ni vitufe. Fundi akichora kisanduku cha rangi akakifanya kibonyezeke, wewe unaona kitufe. TalkBack haioni kitufe, inapita juu yake kama maandishi ya kawaida, au inakaa kimya. Akitumia kitufe halisi cha HTML, lugha inayojenga kurasa za tovuti, na kukipa jina, nasikia "Omba mkopo, kitufe" na maisha yanaendelea. Sanduku za kujazia nazo ziwe na lebo iliyofungwa kwenye sanduku lenyewe. Maandishi ya kijivu ndani ya sanduku, yanayopotea ukianza kuandika, hayatoshi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu nchi yetu iliuridhia 2009. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja teknolojia ya mawasiliano waziwazi. Ila sikuja kukutisha na vifungu. Nataka mwanachama wako asome salio lake bila kumwita mtu.

Katibu_Usambara · Jumamosi, saa 3:05 usiku

Wakuu, nimerudi. Nimekaa na mama wa kabichi leo asubuhi, pembeni ya magunia yake. Ameniruhusu niandike, jina nisitaje. Nimejaza kurasa nne za daftari.

Simu yake ni ya kugusa, ndogo, kioo kimepasuka kona ya juu kulia, anaperuzi kwa Opera Mini kwa sababu inamtunzia bando. Ukurasa ulichukua dakika moja na nusu kufunguka, picha ile kubwa ya milima ndiyo ilitangulia. Ulipofunguka akainamisha kichwa, akaifunika simu kwa kanga kutengeneza kivuli. Maandishi ni ya kijivu hafifu, ofisini sijawahi kuyaona kama tatizo. Pale juani hata mimi sikuona neno.

Kwanza wanataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Akatoa kitambulisho kwenye pochi, akanakili tarakimu moja moja, na vile vistari vya katikati kama vilivyoandikwa kwenye kadi. Ikaja nyekundu: "Invalid input". Akaniangalia. Mikono yangu iko mapajani. Akafuta yote, akarudia vile vile, nyekundu tena. Mara ya tatu akaacha vistari, labda kwa kuchoka, ikakubali.

Halafu tarehe ya kuzaliwa. Inatokea kalenda, imefunguka mwezi huu, ina mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Mama amezaliwa 1961. Alianza kubonyeza. Mwanzoni nilihesabu naye, alipofika 2009 akasimama akaniuliza, "Inarudi mpaka lini?" Ni zaidi ya mara 750, wakuu. Nilijisikia vibaya sana. Mimi ndiye niliyeipokea kazi hii na kusaini.

Hapo nilivunja sharti, nikamwonyesha kwamba mwaka unaweza kuguswa. Kisha namba ya siri ya kutumiwa kwa SMS. Pale mtandao unakuja na kuondoka, ikachelewa. Ilipoingia akatoka kwenda kusoma ujumbe, aliporudi ukurasa umejifungua upya na fomu ni tupu. NIDA, tarehe, vyote hakuna. Hakusema neno. Alivuta pumzi akaanza tena.

Mwisho kabisa ikaja ile ya kuthibitisha si roboti. Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto, lile la chuma la kando ya barabara za Marekani. Akaisogeza simu karibu na uso. "Mwanangu, hiki ni nini?"

Dakika 41, hakuingia. Bando la siku limekwisha. Wateja wawili walimpita.

Mwenyekiti nimempigia nikamsomea daftari. Semina imeahirishwa.

Naomba mnisaidie mpangilio. Nianzie wapi, kwa sababu hela ya kumlipa fundi tena si nyingi. Halafu kuna jambo la saa. Kwenye kuchagua muda wa kuonana na kamati tumepokea maombi saba ya saa tisa usiku. Kamati walidhani watu wanatania.

BintiMakunduchi · Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Assalam alaykum. Katibu, hao hawakutania. Waliandika 3:00 kwa kuwa walitaka saa tatu asubuhi. Mtu wa kwetu saa tatu ni saa tatu, jua limeshapanda. Mfumo ndio uliohesabu kuanzia usiku wa manane kama Wazungu.

Mie ni mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kinamama huku Unguja, na nataka kusema jambo ambalo mafundi hawalisemi. Uliza wale wanawake wako simu ni ya nani. Kwetu wengi simu janja ni moja nyumbani, na inakaa kwa mume au mtoto wa kiume. Mama ana kitochi chake cha kupigia. Sasa wewe umemwambia aingie kwenye simu ile, aandike neno la siri, na simu inauliza "Nihifadhi?", anabonyeza ndiyo kwa kuwa hajui. Kesho yake nyumba nzima inajua ana akiba kiasi gani.

Mwanachama wetu mmoja alikuwa anaweka kidogo kidogo kwa ajili ya ada ya mtoto wa kike. Ilipojulikana, pesa ile ikaombwa kwa mambo mengine, na nani angekataa ndani ya nyumba yake? Tangu siku hiyo akasema kwangu andika daftarini tu. Hajagoma teknolojia yule, analinda ada ya mwanawe.

Kwa hiyo, tafadhali, dirisha usilifunge hata mtandao ukikaa vizuri. Na kwa mwenye kitochi tafuteni njia ya menyu za namba, kama zile za kutumia pesa. M-Pesa imekuwa Tanzania tangu 2008, na nani asiyejua *150*00#? Bibi yangu hajui kusoma vizuri lakini anajua ni moja, kisha ngapi, kisha ngapi. Vidole vyake vimekariri.

Fundi_Kisauni · Jumapili, saa 9:50 alasiri

Binti Makunduchi, ahsante. Hilo la simu moja nyumbani nami nimelichukua.

Katibu, daftari lako ni dhahabu. Nitafuata njia aliyopita mama, na mengi utaona ni ya kuondoa, si ya kuongeza.

NIDA muitakia nini mlangoni? Mwanachama tayari ana namba ya uanachama kwenye kitabu. Namba hiyo na namba ya simu mliyoisajili zatosha kumtambua, halafu ajiwekee namba ya siri. NIDA ibaki kwenye ombi la mkopo. Na ikifika huko, sanduku lipokee na vistari na nafasi, kompyuta iviondoe yenyewe. Hiyo ni kazi ya mstari mmoja, mama hapaswi kuifanya kwa mkono. Mwambie fundi aweke inputmode="numeric" ili kibodi ya tarakimu ijitokeze.

Kalenda itupe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mlikuwa mwamuuliza jambo ambalo ameshalijibu. Pengine popote tarehe ikihitajika weka sanduku tatu: siku, mwezi, mwaka, aandike.

Fomu kufutika akienda kusoma SMS: simu yenye kumbukumbu ndogo huufunga ukurasa ukiuacha, ukirudi yaupakia upya. Fundi ahifadhi yaliyoandikwa kila sanduku linapojazwa. Namba ya SMS ipewe dakika kumi, si mbili. Mtandao wa milimani hauna haraka hiyo.

Picha za bomba la zimamoto zitoe kabisa. Chama cha watu 214 wanaojulikana kwa majina hakina haja nazo. Kumzuia anayejaribu maneno ya siri ovyo, yatosha kuifunga akaunti kwa muda akikosea mara tano. Mwalimu atakwambia picha zile kwake ni ukuta mtupu, na ile ya sauti mara nyingi yaja kwa Kiingereza chenye makelele.

Rangi: kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kina uwiano wa mwanga, kati ya maandishi na nyuma yake, wa 2.85 kwa 1. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na wote hata wenye ulemavu, yataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Juani mimi siendi na kijivu, naweka nyeusi. Toleo la 2.2 la miongozo hiyo, la Oktoba 2023, lasema pia cha kubonyeza kisipungue pikseli 24 kwa 24. Kwa kidole kilichotoka kushika magunia, weka mara mbili yake.

Saa: usimwachie mtu aandike. Weka vitufe vya nafasi zilizopo tu, kwa maneno: "Jumanne asubuhi saa 3", "Jumanne asubuhi saa 4". Hamna tena saa tisa usiku.

Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana sana, JavaScript, ule msimbo unaoufanya ukurasa ucheze na kujibadili, yaendeshwa kwenye seva zao na mama aletewa ukurasa uliokwisha. Vitu vingi vinavyochezacheza baada ya hapo hufa. Kwa hiyo kuona salio iwe ukurasa wa kawaida na fomu ya kawaida, inayotumwa na kurudi. Hata JavaScript isipofanya kazi, salio lionekane. Na ile picha ya milima, milima wanaiona kila asubuhi. Iondoe.

Menyu za namba za kitochi zataka makubaliano na kampuni za simu na gharama zake, msikimbilie. Kwa sasa, salio kwa SMS mwisho wa mwezi kwa anayetaka, kwa simu anayotaka yeye. Muulize kila mmoja, na kwa siri.

Katibu_Usambara · Wiki tano baadaye, Jumatano, saa 1:30 usiku

Wakuu, shikamooni wote mliojibu.

Fundi amefanya karibu yote, kwa gharama ndogo kuliko chai ya semina. Ukurasa wa kwanza sasa una vitufe vinne vya maneno: Akiba yangu, Hisa zangu, Omba mkopo, Onana na kamati. Nyeusi juu ya nyeupe. Salio linafunguka kwa sekunde chache hata pale kwenye magunia.

Wiki hii wameingia wenyewe 97. Mama wa kabichi aliingia amesimama, mteja anasubiri chenji. Alisoma salio kwa sauti, akaliangalia kitabuni, likalingana, akaweka simu kwenye sidiria akaendelea kuuza.

Nimeongea na wanawake 63 mmoja mmoja, kama Binti Makunduchi alivyosema. Wanane wanataka SMS ziende kwa dada au kwa rafiki. Kumi na wanne wameniambia wazi: katibu, kitabu, na dirisha. Nimeandika pembeni ya majina yao wasipelekewe ujumbe wowote. Naomba tu mnishauri, hilo la kutuma kwa namba ya mtu mwingine lina hatari gani nisiyoiona? Nawaza kuwataka wasaini.

Mwalimu, nimekutumia anwani ya ukurasa wa majaribio faragha. Kuna mwanachama hewa namba 215, ana akiba ya uongo. Mjaribu.

BintiMakunduchi · Jumatano, saa 2:10 usiku

Wasaini, ndiyo, na kila mwaka waulizwe tena. Dada na dada hugombana. Na ujumbe wenyewe usiwe na jina la mwanachama wala neno mkopo. Andika "Namba 87: 412,000" basi, mwenyewe ataelewa.

Mwl_NuktaNundu · Jumatano, saa 3:55 usiku

Katibu, nimeingia. Sauti ni ya Kiswahili, "Akiba yangu, kitufe" nimeisikia vizuri, na salio la namba 215 nimelisoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Nilirudia mara ya pili bila sababu yoyote.

Kwenye "Omba mkopo" nimekwama mwishoni. Nimejaza kiasi, nimejaza sababu, nimetelezesha kidole kutafuta pa kutumia, TalkBack inasema "kitufe" halafu kimya. Nakisia ameweka alama ya mshale bila jina. Akipe jina "Tuma ombi". Pia nikikosea kiasi, kosa linaandikwa juu ya ukurasa na mimi niko chini, sijui kama limetokea. Lisogezwe hadi kwenye sanduku lenyewe.

Akirekebisha niambie, kesho saa moja jioni niko huru nijaribu tena.